HTLV-1 na kinga kali inayolinda lango lisilo sahihi

Tumezoea kuipima kinga ya mwili kwa wingi: fulani kinga yake iko juu, fulani imeshuka. Mazoea haya tuliyapata kwenye mapambano ya UKIMWI, ambako kuhesabu seli za CD4, yaani seli nyeupe za damu zinazoongoza kinga, kulikuwa na maana kubwa. Kwa maoni yangu, kipimo hicho kinatupotosha tunapozungumzia HTLV-1, virusi vya ukoo mmoja na VVU ambavyo hukaa mwilini maisha yote na ambavyo, kwa takriban mtu mmoja kati ya kila 20 walioambukizwa, huja kuleta saratani ya damu, mara nyingi baada ya miongo kadhaa.

HTLV-1 haviziui seli za CD4, bali huzichochea zigawanyike, na kila seli inapogawanyika virusi hurithiwa humo humo bila kulazimika kutoka nje. Kinga nayo hailali: damu hujaa kingamwili, yaani protini za kinga zinazonasa virusi, na seli zenye kazi ya kuua huisaka kwa ukali protini ya virusi iitwayo Tax. Taabu ni kwamba Tax hutengenezwa kwa vipindi tu, kisha hunyamazishwa, ilhali HBZ, protini nyingine ya virusi hivyo hivyo, huendelea kuisukuma seli izaane huku kinga ikiiona kwa shida. Mlinzi yuko macho usiku kucha, ila analinda lango ambalo mwizi halitumii.

Kundi la mtafiti Charles Bangham, London, lilionyesha kwamba watu ambao maumbile yao ya kurithi huwawezesha kuitambua HBZ vizuri huwa na seli chache zaidi zilizoambukizwa. Kinyume chake, wagonjwa wanaopooza miguu kwa sababu ya HTLV-1 mara nyingi wana seli tele za kuishambulia Tax. Wingi, basi, haujawaokoa.

Wanaopata saratani hii wengi huambukizwa wakiwa wachanga, kupitia maziwa ya mama. Ndiyo maana Nagasaki, Japani, ilianza mwaka 1987 kuwapima wajawazito na kuwashauri wenye virusi wasinyonyeshe, na maambukizi kwa watoto yakapungua sana. Lakini Gabon au Kongo, ambako virusi hivi vipo tangu zamani, maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji machafu yanaweza kumuua mtoto kwa kuhara. Huko ningependa fedha za utafiti ziende kwenye chanjo itakayoifundisha kinga kuitambua HBZ.