Makombora ya kweli, meli iliyojaa watu

Usiku wa kuamkia Oktoba 2, 1992, katika Bahari ya Aegean, mabaharia wa USS Saratoga, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, waliamshwa ghafla wakakimbilia mitambo ya makombora ya kujihami. Yalikuwa mazoezi ya NATO. Waliotoa amri walijua ni igizo; waliokaa kwenye vitufe walidhani ni vita. Makombora mawili ya Sea Sparrow yakatoka, yakaipiga manowari ya Uturuki, Muavenet. Watu watano walikufa, nahodha akiwemo.

Kisa hicho hunijia kila ninaposikia ubishi kuhusu kufyatua makombora ya kweli kutoka kwenye meli yenye maelfu ya watu. Aprili 2021 ilikuwa zamu ya USS Gerald R. Ford, meli ya dola bilioni 13 hivi. Katika jaribio huko Atlantiki ilirushiwa droni zenye uwezo wa kwenda zaidi ya kilomita 900 kwa saa, ikajibu kwa ESSM, mrithi wa Sea Sparrow lile lile, kwa kombora la RAM, na kwa Phalanx, mzinga unaotema hadi risasi 4,500 kwa dakika.

Wanaopinga hawabahatishi. Novemba 2013, kwenye pwani ya California, droni ya shabaha, ya kulengwa mazoezini, iliacha njia ikaigonga manowari USS Chancellorsville. Mabaharia wawili waliungua kidogo. Matengenezo yalikula dola milioni 30 hivi. Ndiyo maana meli yenye watu haishambuliwi kama adui angeishambulia. Piga hesabu: kitu kinachoruka juu kidogo ya maji, kikionekana kilomita 30 mbali kwa kasi ya droni zile, kinakupa dakika mbili. Kombora lenye zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti halikupi hata dakika moja. Kwa kazi hiyo Marekani inayo Paul F. Foster, manowari kuukuu inayoendeshwa kwa rimoti bila mtu ndani. Ukitaka kujua kama kombora linapiga, uliza huko.

Lakini Foster haina usingizi wala hofu. Mwaka 1987 USS Stark ilipigwa na makombora mawili ya Exocet ya Iraki, mabaharia 37 wakafa. Phalanx ilikuwapo, haikufyatua hata risasi moja. Januari 2024, katika Bahari ya Shamu, kombora la Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, liliikaribia USS Gravely hadi kama maili moja hivi kabla Phalanx haijalidungua. Mzinga ule ule, zamu nyingine.

Kwa hiyo mimi naafiki jaribio la Ford, ila si kama ushahidi wa ubora wa kombora. Linapima watu, na hata hao linawapima nusu: walijua kinachokuja. Wa Saratoga hawakujua, na sijaona jaribio la mchana linalogusa swali lao, la mtu aliyetolewa kitandani usiku wa manane akaambiwa aandae kombora.