Dar ndo inatununulisha magari

Watu wakikaa vijiweni wanasema Wabongo tunapenda magari, ukipata kazi tu unaanza kuwaza kigari cha Toyota IST. Mi naona siyo mapenzi kabisa. Angalia viwanja tunauziwa wapi: Goba, Madale, Bunju, Kibada, Chanika huko. Dalali anakuonyesha bikoni za mipaka, anakwambia umeme umeshafika maji yanakuja, daladala inaishia wapi hakwambii. Ukishajenga ndo unajua kutoka lami mpaka getini kwako ni bodaboda kila siku, mvua ikinyesha bei inapanda, na shule ya mtoto iko upande mwingine kabisa. Mtu wa hivyo akikopa anunue gari utamlaumu nini, kapiga hesabu tu.

Na siyo viwanja vya madalali peke yake. Ule mradi wa serikali wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima vizuri sana Bunju, Mbweni, Kibada, lakini kazi, ofisi na Kariakoo vilibaki hukuhuku mjini.

Mwendokasi ilivyoanza 2016, Kimara mpaka Kivukoni, na matawi ya Morocco na Kariakoo, jumla kilomita kama 21, tuliona wenyewe basi linapita pembeni ya foleni ya Magomeni kama hakuna foleni, kwa sababu lina njia yake. Kinachouma ni kwamba mabasi machache, watu wanagombania mlango, mama mwenye mtoto mgongoni anaachwa basi la kwanza, la pili, la tatu. Mwenye uwezo anakimbilia gari lake, anarudi kuongeza foleni.

Flyover za Tazara na Ubungo zimesaidia makutano yale, sikatai, ila foleni inasogea tu taa za mbele. Sensa ya 2012 Dar tulikuwa milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38. Hao milioni moja walioongezeka wote wakishika usukani tutajenga flyover ngapi?

Mi nataka hela iende kwenye mabasi kwanza, na njia za miguu ambazo hazijapakiwa magari juu, maana saa hizi mtu anatembea barabarani huku mtaro uko wazi pembeni na bodaboda zinamkosakosa. Na ramani ya viwanja vipya ikipelekwa kupitishwa, waulize kituo cha daladala kiko wapi na shule iko wapi, kama hakuna irudishwe.