Sisimizi wa Mithali na sisimizi wa kitabuni

Katika kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi hapa Moshi, mzee mmoja alisimama na lalamiko ambalo sijawahi kulisikia kikaoni. Halikuhusu mchango wa uji wala ulinzi wa getini. "Mwanangu ananiambia sisimizi ni wavivu," alisema. "Nimemlea kwa Mithali, leo ananisahihisha mezani." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mithali, kile kitabu cha Biblia, humtuma mvivu kwa sisimizi akajifunze bidii.

Chanzo chake ni mwalimu wa sayansi aliyetenga kipindi kimoja kila Ijumaa, darasa la nne hadi la saba, watoto wasome habari za wadudu. Wanasoma kinachopatikana: vitabu vichache vya msaada, makala alizochapisha mwenyewe, vipeperushi vya kilimo. Hakuna maswali, hakuna alama, na nadhani hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Wanaopinga wana hoja, na si za kupuuza. Kipindi kimoja kwa wiki, ukijumlisha mwaka mzima, ni karibu vipindi 40, na hisabati ndiyo inayowaangusha watoto. Vitabu vyenyewe vingi ni vya Kiingereza na vimeandikwa kwa ajili ya mtoto wa Ulaya. Mtoto wa Majengo anajikuta anasoma jinsi nyuki anavyojikinga na theluji. Kuna mama aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu vizuri: mbu wanamlaza mwanawe hospitali kila masika, sasa amsomee habari zake ili iweje? Mdudu ni wa kuua.

Lakini turudi kwa sisimizi, maana mzee yule ndiye aliyegusa penyewe.

Alichokisoma mtoto ni utafiti wa Arizona, Marekani. Watafiti walichukua makundi ya sisimizi wadogo sana wa jenasi ya Temnothorax, wakampaka kila mmoja nukta za rangi ili wasiwachanganye, wakawatazama kwa kamera. Kiasi cha asilimia 40 ya wafanyakazi walikuwa wamesimama tu muda mwingi. Hawakubeba chochote, hawakulisha watoto, hawakujenga. Hapo mtoto akafunga kitabu akaenda kumsahihisha baba.

Ile asilimia 40 imenikalia kichwani tangu siku hiyo. Karibu nusu ya kundi la mdudu tuliyemfanya nembo ya bidii! Ila mtoto angesoma mbele kidogo angekuta jambo kubwa zaidi. Watafiti hao waliwaondoa wale wachapakazi hasa, asilimia 20 ya kundi. Katika muda wa wiki hivi, waliokuwa wamesimama wakaingia kazini na shughuli zikarudi kama zamani. Kisha wakajaribu upande wa pili, wakawaondoa waliosimama. Nafasi zao hazikujazwa na mtu. Kundi linaonekana kuwaweka kama akiba.

Nenda kijiwe chochote cha bodaboda mjini hapa saa nne asubuhi. Vijana wamekaa juu ya pikipiki, mmoja anachezea simu, mwingine amelaza kichwa kwenye tangi. Ni wavivu? Mvua ikishuka na watu wakataka kurudi nyumbani kwa pamoja, utajua walikuwa wanasubiri nini. "Mvivu" ni neno letu, tumembandika sisimizi. Yeye alikuwa amesimama, basi. Kutenganisha ulichokiona na jina ulilokipa ni kazi ngumu hata kwa watu wazima wenye shahada, na kitabu cha wadudu kinaifundisha vizuri kwa sababu mdudu hajitetei wala hakubembelezi umwonee huruma.

Mzee ana haki kwa jambo moja, tena kubwa. Mtoto alichukua aina moja ya sisimizi, wa nchi moja, waliotazamwa ndani ya maabara, akawahukumu sisimizi wote duniani. Wapo sisimizi wanaovuna mbegu na kuzihifadhi, kama Mithali inavyosema. Kusoma nusu ukurasa kumempa kiburi. Nakubali. Tiba yake sasa ni kumnyang'anya kitabu, au kumwambia ageuze ukurasa?

Na ile Mithali yenyewe, sura ya 6, sijui kama tunaisoma hadi mwisho. Inamwambia mvivu amwendee chungu, yaani sisimizi wetu huyu, "zifikiri njia zake". Halafu inasema hana akida, wala msimamizi, wala mkuu. Wataalamu wa leo hawana ugomvi na hilo: malkia wa sisimizi hutaga mayai, haamuru mtu. Aliyeandika maneno yale alikuwa amechuchumaa akatazama. Sisi tunaruka kutoka "mwendee" hadi "hekima", pale katikati penye kufikiri njia zake tunapaacha. Mwalimu wa Ijumaa anapafanyia kazi hapo hapo.

Kuhusu hoja ya mama wa mbu, jibu langu linatoka shambani. Mpwa wangu yuko darasa la tano shuleni hapo. Masika iliyopita tulikuwa kwa bibi yake, huku tambarare njia ya Kahe, mahindi yamefika magotini. Kiwavijeshi vamizi, yule aliyeingia nchini 2017 akitokea bara la Amerika kupitia Afrika Magharibi, alikuwa ameshaingia shambani. Bibi alikuwa na bomba mgongoni, saa sita mchana, jua limesimama utosini.

"Bibi, shikamoo. Naomba nikuoneshe kitu."

"Marahaba. Nioneshe upesi, dawa inanichoma mgongo."

Mtoto alishika mhindi mmoja, akafunua majani ya moyoni taratibu, moja baada ya lingine. Ndani kulikuwa na chengachenga zenye unyevu, kama unga wa mbao chini ya msumeno. Akazipangusa kwa kidole. Chini yake, kiwavi amejikunja. Kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia nukta nne nyeusi zilizopangwa mraba. "Mchana anajificha humu, bibi. Ukipiga dawa juu ya majani saa hizi haimfikii. Jioni ndiyo anatoka kula. Na wadogo ndio wanaokufa upesi, huyu ameshakomaa."

"Nani kakwambia?"

"Nimesoma."

Bibi akamtazama, akalitazama bomba, akalitua chini. Wakasubiri jioni. Sitasema shamba lilipona, kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa imeshaliwa na dawa ilichelewa. Lakini lile bomba la mchana lingemwagwa bure, na nyuki wa jirani wangekuwa bado mauani.

Hiyo ndiyo shida ya "mdudu ni wa kuua". Asiyemjua humuua vibaya. Unguja ilisafishwa mbung'o kufikia 1997, na msingi wa kazi ile ni mambo ambayo mtu asiye na subira asingeyaona: jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na huzaa buu mmoja mmoja baada ya kumlisha tumboni. Basi yakazalishwa Tanga madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi, zaidi ya milioni 8, yakaachiwa kisiwani kwa ndege. Jike akikutana na dume tasa, habari yake imekwisha. Mifugo ikapona nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Yupo mtu aliyewahi kukaa na kuchunguza ndoa za nzi.

Na hatuko mbali na kazi za namna hiyo. Lyamungo, hapa Kilimanjaro, wako watafiti wa kahawa wanaohangaika na wadudu wa mibuni ileile iliyomo kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba yanayozunguka nyumba. Ngaramtoni, Arusha, iko mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Hoja ya lugha bado inanisumbua na sina pa kuikwepea. Mtoto anayepambana na Kiingereza na mdudu kwa wakati mmoja huishia kukariri majina. Mwalimu ameanza kuwatafsiria makala usiku, kwa mkono, kurasa mbili mbili, na hilo halitadumu kwa mshahara ule. Hisabati nayo inahitaji muda wake, sibishi.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Kipindi kitaendelea kwa darasa la tano na la sita. La nne na la saba, madarasa ya mitihani ya taifa, wamesimamishwa hadi wamalize. La saba wanamaliza Septemba, la nne baada yao. Kumbikumbi wa masika watakuwa wameshadondosha mbawa zamani. Mtoto wa yule mzee yuko la nne. Nasikia amemwomba mwalimu zile kurasa zilizobaki za sisimizi akamalizie nyumbani.