Umoja wa taifa na ngano ya Hanang

Tanzania husifiwa kwa kujenga taifa bila kabila moja kuyakalia mengine. Ni kweli, ila nusu. Kilichotawala ni namna moja ya kuishi: mkulima mwenye jembe, nyumba ya kudumu, suruali na Kiswahili. Mfugaji wa kuhamahama au mwindaji hakuambiwa kabila lake limepigwa marufuku. Aliambiwa yuko nyuma.

Mwaka 1968, mkoani Arusha, Wamasai waliovaa lubega walizuiwa kupanda mabasi. Leo lubega hiyohiyo inapamba matangazo ya utalii. Vazi hurudi kirahisi kwa kuwa halimpunguzii mtu chochote. Ardhi ni habari nyingine.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, ngano ililimwa uwanda wa Basotu, wilayani Hanang, kaskazini mwa nchi. Shirika la umma la kilimo, NAFCO, likafikisha mashamba saba, karibu ekari 100,000. Mpangaji aliyeko ofisini aliona ardhi tupu, maana hapakuwa na mahindi. Kumbe hayo ndiyo yalikuwa malisho bora ya Wabarbaig, wafugaji wa eneo hilo, yanayotumika kwa msimu kisha yanaachwa yapumzike. Ukilima hapo, mzunguko mzima unavunjika: ng'ombe wanabanana kwingineko mwaka mzima, nyasi zinakwisha, mvua inabeba udongo, halafu bwana mifugo anaandika kwamba wafugaji wanaharibu mazingira. Matrekta yalipita hata juu ya makaburi ya wazee, vilima vya udongo ambavyo ukoo huvijenga kwa matanga ya miezi 9.

Kijiji cha Mulbadaw, pamoja na baadhi ya wanakijiji, kiliishtaki NAFCO, na Mahakama Kuu ikakipa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikabatilisha: kijiji hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo, na wanakijiji walioshtaki nacho hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya mkoloni ya 1923. Hapo ndipo ninapokwama. Sensa haiulizi kabila tangu 1967, na sote tunajivunia hilo. Lakini mtu alipotaka malisho yake, akadaiwa ushahidi wa asili yake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imefungua mlango kidogo: kundi linaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa pamoja. Wahadzabe, wawindaji wa bonde la Yaeda, walipata yao mwaka 2011. Kasoro ni kwamba hati hutolewa ndani ya mpaka wa kijiji, na njia ya ng'ombe hukata vijiji kadhaa. Kijiji kimoja kikigawa mashamba katikati ya njia hiyo, hati za majirani hazina kazi. Kwa hiyo mpango wa matumizi ya ardhi upimwe na vijiji vyote vya njia hiyo kwa pamoja, wakati wa masika, mifugo ikiwa malishoni. Ukipimwa kiangazi, mpimaji ataandika tena kwamba hakukuta mtu.