Pima shoti kila ukimaliza kulehemu, usingoje mwisho

Juzi kijana mmoja alinitumia picha ya ESC iliyoungua, yaani bodi inayoendesha mota za droni. Chini yake ameandika: "Kaka, nilipima kabisa." Namwamini. Hata ile ya kwanza kuniungulia mimi nilikuwa nimeipima.

Ilikuwa droni yenye propela za inchi 5, betri ya seli 4. Nililehemu kila kitu usiku mmoja: waya nene za betri, kapasita (kikopo kinachotunza umeme kidogo), waya 12 za mota, kamera, transmita ya video. Saa saba usiku nikashika mita, nikaiweka kwenye mlio, yaani ilie ncha zake zikiungana kwa umeme, ncha nyekundu kwenye chanya ya XT60, ile plagi ya betri, nyeusi kwenye hasi. Ikalia tiiiii. Nikajisemea, si kuna kapasita pale, lazima ilie. Nikachomeka betri. Cheche, moshi mwembamba, halafu harufu kama ya samaki aliyeunguzwa pamoja na plastiki. Asubuhi, kwenye mwanga wa dirisha, ndipo nikauona mguu wa hasi wa kapasita. Niliuacha mrefu kwa uvivu, nao ukainamia risasi ya kulehemu ya upande wa chanya. Pale ulipogusa, shaba ya bodi imebabuka.

Kuhusu kapasita sikuwa nimekosea sana. Ni kweli mita hulia, lakini hulia "ti" moja fupi wakati kapasita inajaa, kisha inanyamaza. Ikiendelea kulia, hiyo ni shoti, hakuna maelezo mengine. Mimi nilikuwa na usingizi, na mtu mwenye usingizi hapungukiwi sababu.

Ushauri wanaopewa wanaoanza ni "pima kabla ya kuchomeka betri." Sawa, lakini kwa maoni yangu umechelewa. Ukishalehemu sehemu thelathini ndipo upime, mlio utakwambia kuna shoti, hautakwambia iko wapi. Hapo unaanza kufumua kazi yako mwenyewe, na kila unapofumua unaichosha bodi kwa joto. Ukipima baada ya kila waya, mlio ukitokea unajua ni ule wa mwisho uliouweka.

Na upimaji unaanza bodi ikiwa tupu, pasi ya kulehemu haijapata hata moto. Weka mita kwenye omu, pima chanya na hasi, pima volti 5 na hasi, halafu kila pedi ya mota (kibati cha bodi unapolehemu waya) na chanya, kila pedi ya mota na hasi. Andika namba kwenye karatasi. Pedi za mota ziko 12, kwa hiyo ni kugusa mara 24, dakika mbili tatu hivi. Zote 12 zinatakiwa zikaribiane. Moja ikitofautiana sana na wenzake, hiyo bodi ina ugonjwa wake, irudishe dukani kabla hujaitia risasi. Usigeuze ncha za mita katikati ya kazi, maana upande mmoja umeme hupita kwenye daiodi zilizomo ndani na kukupa namba nyingine, ukaogopa bure.

Mota nazo zina mtego wake. Ukishaziunga, waya zake tatu zitalia zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu ndani ni shaba iliyozungushwa tu, omu yake ni ndogo mno. Hiyo si shoti. Ila daraja la risasi kati ya pedi mbili za mota nalo linalia vilevile, na hapo mita haitakusaidia kutofautisha. Pedi kwa pedi unapima kabla ya kuunga mota. Baada ya hapo kinachobaki ni kuhakikisha hakuna waya wa mota unaolia na chanya wala hasi.

Halafu fremu. Wengi wanaichukulia kama plastiki, kumbe kaboni inapitisha umeme. Skrubu ya mota ikizidi urefu kwa milimita mbili inagusa shaba ya ndani, inakwangua vanishi, na mkono mzima wa droni unaingia kwenye saketi. Pima waya wa mota na skrubu zake, mita isilie. Ukipima kwenye fremu yenyewe, gusa ukingo uliokatwa, maana juu imefunikwa na gundi.

Tunahangaika hivi kwa sababu ya betri. Ile ya mAh 1500, yaani ampea-saa 1.5, iliyoandikwa 100C inadai kutoa mara 100 ya hiyo, ampea 150. Hata ukikata nusu kwa uongo wa lebo, bado ni nyingi mno, maana fyuzi ya plagi ya nyumbani ni ampea 13 tu.

Ndiyo maana mara ya kwanza siichomeki moja kwa moja. Naunga balbu ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21, kwenye njia ya chanya. Ikimulika kidogo ikazima, kapasita imejaa, mambo shwari. Ikiwaka na kubaki inawaka, chomoa. Shoti itakuwa imepata ampea mbili hivi badala ya mia. Kwa betri ya seli 6 naunga balbu mbili mfululizo. Vipo vifaa maalumu vya kazi hiyo, vizuri tu, lakini balbu iko kila duka la spea. Ila haitakuonyesha shoti ilipo, kwa hiyo isiwe kisingizio cha kuacha mita mfukoni.

Nilimuuliza yule kijana alipima wapi na wapi. "Chanya na hasi za betri." Basi? "Basi." Bodi nyingine ameshaagiza. Nimemwambia ikifika, kabla hajawasha pasi, anitumie picha ya karatasi.