Kuskani chaneli za Wi-Fi katikati ya maongezi: nani aamue wakati?

Sauti yangu ilikuwa ikikatika kwenye vikao vya video, na kila mtu aliilaumu intaneti. Siku moja nikaiacha kompyuta ipime muda ambao ruta ya ndani inachukua kujibu. Milisekunde 3, 3, 4, 3, mara 187, 112, kisha 3 tena. Baada ya dakika moja, mruko ule ule. Nilikuwa nimeketi mita mbili kutoka kwenye ruta. Hitilafu inayofuata saa namna hiyo haitoki mbali: kompyuta yenyewe ilikuwa ikiskani, yaani ikiihama chaneli yake ya Wi-Fi (njia ya mawimbi inayotumia kuongea na ruta) kwenda kuchungulia nyingine kama zina ruta.

Redio moja haisikilizi chaneli mbili kwa wakati mmoja. Kwa kawaida ruta hujitangaza kila milisekunde 102.4, hivyo kifaa kinachosikiliza kimya kimya hukaa zaidi ya milisekunde 100 kwenye kila chaneli. Kwa chaneli 13 za 2.4 GHz, mzunguko mmoja unapita sekunde 1.3. Kinaweza pia kupiga hodi na kusubiri jibu kwa makumi machache tu ya milisekunde, ila kwenye chaneli za 5 GHz ambazo Wi-Fi inatumia pamoja na rada, lazima kwanza kisikilize.

Kabla ya kuondoka, kifaa huiambia ruta kwamba kinalala, nayo hukitunzia pakiti zake (vipande vya data) mpaka kirudi. Hakipotei kitu, lakini kinachelewa. Simu ya intaneti mara nyingi hutuma pakiti ya sauti kila milisekunde 20. Ukiondoka kwa milisekunde 110, pakiti tano au zaidi zinafika kwa mkupuo. Programu ya simu inaweza kuficha pengo hilo kwa akiba yake ndogo. Gemu ya picha 60 kwa sekunde haina akiba ya kutosha: picha sita zimepita na mchezaji keshapigwa.

Wanaotetea skani za mara kwa mara wana hoja nzito, na mara nyingi wachezaji wa gemu hawaisikilizi. Anayetembea kwenye jengo lenye ruta nyingi anahitaji kujua ruta ijayo kabla hii ya sasa haijamtupa. Kifaa kikingoja hadi mawimbi yafifie, kitaanza kutafuta kikiwa tayari kinazama, na pengo la sehemu ya kumi ya sekunde litageuka kimya cha sekunde kadhaa. Simu pia hutumia ruta zinazoizunguka kukisia mahali ilipo pale ambapo satelaiti hazisikiki vizuri.

Hata hivyo, hoja hiyo inamhusu anayetembea. Kwa aliyetulia mbele ya ruta, skani ya kila dakika haimpi kitu. Apple imeeleza kwamba iPhone hubaki kwenye ruta yake hadi mawimbi yashuke hadi -70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi: kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo yanavyofifia), ndipo itafute nyingine. Naukubali msingi huo, kwamba anayeamua ni hitaji na si saa. Kasoro yake ni kwamba mawimbi yanaweza kuwa na nguvu huku chaneli imejaa watu, na kipimo cha nguvu peke yake hakioni msongamano.

Kinachoniudhi zaidi ni programu zinazochochea skani bila mwenyewe kujua. Matoleo ya Qt, zana ya kutengenezea programu, kabla ya la 6 yalikuwa na sehemu iliyouliza hali ya mitandao kila sekunde 10, na kwenye baadhi ya kompyuta swali hilo lilileta miruko ya ucheleweshaji. Mtu alitaka programu ya kawaida tu, simu zake zikaharibika. Ndiyo maana naunga mkono Android 9 kuweka kikomo: programu iliyo mbele ya mtumiaji inapata skani 4 kwa dakika 2, na zote za nyuma kwa pamoja skani moja kwa dakika 30. Watengenezaji wa programu za kupima mitandao waliumia kweli, na Android 10 ikawawekea swichi ya kuondoa kikomo hicho.

Kuna wanaosema tuchunguze bandu bandu: chaneli moja, rudi nyumbani, safirisha pakiti, nenda nyingine. Inasaidia, ila ukikaa muda mfupi kuliko tangazo la ruta unaweza kulikosa, na ukifika chaneli ya mwisho habari za ile ya kwanza zimeshachakaa. Ninaipenda zaidi 802.11k, kanuni ya Wi-Fi ya mwaka 2008, ambapo ruta yenyewe hutaja majirani zake. Kifaa kinatembelea chaneli mbili tatu badala ya zote, mradi orodha ya ruta ni sahihi.

Mimi kwanza nilizima skani kabisa wakati wa vikao. Mstari wa kipimo ukanyooka. Kisha nikahamia chumba cha mbali, kompyuta ikaing'ang'ania ruta ile ile hadi kikao kikakatika. Sasa, kwenye Linux, nimeiagiza wpa_supplicant, programu inayosimamia Wi-Fi, iskani kila sekunde 30 mawimbi yakiwa chini ya -70 dBm, na yakiwa mazuri, mara moja kwa saa. Mruko wa kila saa bado nauona kwenye kipimo. Kikaoni hakuna aliyeutaja.