Saa Tisa ya Nani?

Jumatatu usiku nilimaliza ripoti ya kurasa nane. Jumanne asubuhi, saa tatu kasorobo, nikafungua laptopu, nikaisoma ripoti mara ya mwisho, nikajisifu kidogo, nikaifunga na kwenda kunawa uso. Niliporudi haikuwepo. Ingekuwa imegoma kufunguka ningeelewa. Hii haikuwepo kabisa, kama mdeni siku ya kulipa.

Nikacheka. Nani ana wasiwasi? Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimefanya jambo la watu wazima: nimesawazisha kompyuta zangu mbili. Laptopu nazunguka nayo, na ile ya mezani, ambayo naiita Mzee kwa sababu haizimwi na inakoroma mchana na usiku, inakaa nyumbani. Zote zinaendesha mfumo wa Linux. Kila faili iko sehemu mbili, ikipotea huku iko kule. Nikaingia kwa Mzee kuichukua ripoti.

Kwa Mzee nako hola.

Hapa inabidi nirudi nyuma hadi Jumapili. Nilitumia rsync, programu ya kunakili faili kutoka mashine moja hadi nyingine, iliyokuwepo tangu 1996, na sifa yake ni kwamba haihamishi faili nzima kila mara. Inalinganisha huku na kule, inapeleka kilichobadilika tu. Funguo za ssh, ule mlango salama wa kuingilia mashine nyingine kupitia mtandao, zilinisumbua saa nzima kwa sababu faili ya funguo niliiacha wazi kwa kila mtu kuandika, na ssh, kwa haki kabisa, ikakataa kuiamini. Nikaifunga kwa 600, yaani mimi peke yangu kuisoma na kuiandika, mlango ukafunguka.

Kisha nikakutana na mkwaju, hii alama ya /. Kwa rsync, ukiandika "kazi" bila mkwaju mwishoni, unamwambia abebe folda yenyewe. Ukiandika "kazi/" abebe vilivyomo. Mimi sikuandika. Kwa hiyo kwa Mzee ikazaliwa kazi ndani ya kazi. Nikajaribu kurekebisha kwa kurudisha kutoka kwa Mzee, nikasahau mkwaju tena, na sasa laptopu ikawa na kazi ndani ya kazi ndani ya kazi. Nilipomaliza kufyeka huo ukoo mzima kwa mkono nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira ndiye anayeongeza `--delete`. Maana yake ni hii: chochote kilichoko upande wa pili lakini hakipo upande wa kwanza, futa. Usiulize. Nilitaka usafi.

Rsync ni ya njia moja, mpeleka na mpokea. Mimi nilitaka ya kwenda na kurudi, nikaona dawa ni kuipanga mara mbili. Saa tano usiku laptopu impe Mzee mambo mapya ya siku. Saa tisa usiku Mzee airudishie laptopu. Nikafungua ratiba ya cron, programu inayoendesha kazi yenyewe kwa saa uliyoipangia, kwenye kila mashine, nikaandika dakika, saa, na nyota tatu za kusema kila siku, nikalala usingizi wa mtu mwenye bakapu.

Turudi Jumanne. Ripoti imeyeyuka. Nikajiambia sikuhifadhi vizuri, nikaiandika upya usiku ule, kurasa saba (ule wa nane niligundua ulikuwa maneno matupu). Jumatano asubuhi nikaikuta ipo. Nikajibu simu moja. Haipo! Na si hiyo tu: orodha ya namba niliyokuwa nimeirekebisha Jumanne ilikuwa imerudi kuwa ya zamani, hata tarehe yake imerudi nyuma. Nikakagua ratiba ya laptopu. Kulikuwa na mstari mmoja tu, ule wa kupeleka kwa Mzee. Hakuna wa kufuta chochote hapa. Nikawashuku virusi, nikaushuku uchovu, ilipofika mchana nilikuwa nawashuku majirani.

Usiku wa tatu niliandika kurasa sita na faili nikaiita `ripoti_USIFUTE`. Mnajiuliza kwa nini sikujitumia kwa barua pepe. Nami najiuliza.

Alhamisi nikaamua kuvizia. Ripoti nimeiacha wazi kwenye kihariri, pembeni nimefungua dirisha linaloorodhesha folda kila sekunde mbili. Saa tatu kasoro dakika moja, ipo. Saa tatu kamili, orodha ikapepesa jicho, `ripoti_USIFUTE` ikafutwa mbele yangu, mchana kweupe. Nikampigia shemeji, ambaye kazi yake ni kutunza seva.

"Shemeji, kuna kitu kinakula ripoti zangu."

"Kinakula saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi, kamili. Hakichelewi."

"Basi si virusi hicho, ni ratiba. Iko wazi hiyo ripoti hapo?"

"Iko wazi, lakini faili yake haipo."

"Usifunge! Hifadhi sasa hivi, weka folda nyingine, kisha tuongee."

Nikahifadhi. Maandishi yalikuwa bado kwenye kumbukumbu ya kihariri, kurasa zote sita. Nikatamani kuibusu skrini.

"Sasa ingia kwa huyo Mzee wako," akasema, "andika `mail`."

"Shemeji, mimi natumia barua pepe ya kwenye intaneti."

"Andika tu."

Nikaandika. Kumbe cron, kazi yake inapotoa maneno yoyote, humtumia mwenye ratiba barua ndani ya mashine ileile. Mzee alikuwa akiniandikia kila siku. Barua ya Jumanne: imefutwa ripoti. Ya Jumatano: imefutwa ripoti. Ya Alhamisi, ya moto kabisa, dakika tano nyuma: imefutwa `ripoti_USIFUTE`. Mtu mwaminifu kuliko huyo sijapata kumwona.

"Nisomee mstari wa ratiba ya Mzee."

"Sifuri, nafasi, tisa, nafasi, nyota tatu."

"Tisa ya nini?"

"Saa tisa usiku, shemeji. Watu wamelala."

Kimya. Nikasikia kiti kikilia, halafu sauti kama ya mtu anayekabwa na maji.

"Shemeji," akasema alipopata pumzi, "cron hajui saa zetu. Yeye anahesabu kutoka sifuri usiku wa manane mpaka ishirini na tatu. Tisa yake ni saa tatu asubuhi. Saa tisa yako ya usiku ni tatu yake."

"Na saa tano usiku?"

"Umeandika tano?"

Nilikuwa nimeandika tano. Tano ya cron ni saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo laptopu yangu imefungwa kifuniko na imelala fofofo, na cron wa kawaida kazi ikimpita haifidii. Kwa hiyo tangu Jumapili Mzee hakuwahi kupewa kitu kipya hata kimoja. Na kila siku saa tatu asubuhi, laptopu ikiwa macho, alikuja na orodha yake ya Jumapili, akakuta ripoti asiyoitambua, akaifuta, akarudi zake kuniandikia barua.

"Na ile `-n` ya kujaribu bila kugusa kitu," shemeji akauliza, "uliitumia?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

"Usiguse kitu. Futa hiyo mistari yote miwili, nakuja kukuwekea Unison, yenyewe ni ya njia mbili na ikikuta mgongano inauliza kwanza. Nipo kwako jioni, saa kumi na mbili."

"Kumi na mbili yetu au ya cron?"

Akakata simu.